Tovuti nzito haifiki Iyula: mambo ya kujua kwa wanaotengeneza tovuti Tanzania

Tovuti inaweza kufunguka vizuri kabisa ofisini Dar es Salaam, kwenye kompyuta mpya na Wi-Fi ya faiba, halafu ikagoma kwa mtu aliyeko Iyula. Hakuna aliyeidukua na seva haijazimika. Ni nzito tu.

Iyula ni kata ndani ya Wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 baada ya kumegwa kutoka Mbeya. Ni ukanda wa kahawa na mahindi. Mtu wa huku akiingia mtandaoni mara nyingi anafuata kitu kinachohitajika sasa hivi: bei ya kahawa mnadani, matokeo ya mtoto, tangazo la ajira, fomu ya kujiunga na chuo. Kifaa chake ni simu, na data yake ni bando la siku au la wiki.

Ukurasa ukizunguka tu bila kufunguka, data iliyokwisha kushuka hairudi. Amelipia kitu ambacho hakukiona. Ndiyo maana uzito wa tovuti unapaswa kuhesabiwa kama gharama anayobeba mtumiaji, na anayeipanga gharama hiyo ni aliyetengeneza tovuti.

Ukurasa mmoja unakula data kiasi gani?

Mradi wa HTTP Archive hupima mamilioni ya tovuti duniani. Katika ripoti yake ya mwaka 2024, ukurasa wa mwanzo wa tovuti ya kati kwenye simu ulikuwa na uzito wa kilobaiti 2,311, yaani karibu megabaiti 2.3. "Ya kati" maana yake nusu ya tovuti zilizopimwa zilikuwa nzito zaidi ya hapo.

Hesabu yake ni rahisi. Bando la MB 100 linafungua kurasa kama 43 tu za uzito huo, hapo WhatsApp haijagusa kitu. Mtandao ukiwa dhaifu, tuseme kilobiti 400 kwa sekunde, ukurasa mmoja unachukua sekunde 46 kushuka wote.

Ukurasa wa kilobaiti 150 kwenye mtandao uleule unashuka kwa sekunde 3. Bando lilelile linafungua kurasa zaidi ya 650. Hapo mnara ni uleule na simu ni ileile. Kilichobadilika ni kazi ya developa.

Kwa nini mtandao unafifia njiani

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unafika hadi Tunduma, ambako Tanzania inaunganishwa na Zambia. Lakini mtumiaji wa kijijini hachomeki simu yake kwenye mkongo. Anategemea mnara, na mnara mmoja unahudumia watu wengi kwa pamoja. Jioni watu wakirudi nyumbani, kila mmoja anapata kipande kidogo. Milima na mabonde nayo huchukua sehemu yake.

Serikali imekuwa ikiongeza minara vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Ni hatua kubwa, lakini mnara mpya hautibu ukurasa wenye picha za megabaiti 5. Mnara unaleta barabara. Anayepakia mzigo ni mwenye tovuti.

Kuna na suala la simu yenyewe. Simu ya bei nafuu ina prosesa dogo na kumbukumbu ndogo. Hata data ikishafika yote, simu bado inatakiwa kuusoma msimbo na kuutekeleza. Hapo ndipo mtu anapobonyeza kitufe mara tatu akidhani simu imeganda.

Vipimo vitatu vya Google ambavyo developa lazima avijue

Mwaka 2020 Google ilitangaza vipimo vinavyoitwa Core Web Vitals. Vinaangalia tovuti inavyomfikia mtumiaji halisi, na ni sehemu ya mambo yanayoangaliwa kwenye kupanga matokeo ya utafutaji.

- LCP: muda hadi kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane. Kiwango kizuri ni sekunde 2.5 au chini ya hapo.
- INP: muda kati ya kubonyeza na kuona jibu kwenye skrini. Kiwango kizuri ni milisekunde 200 au chini.
- CLS: kiasi ambacho vitu vinaruka-ruka wakati ukurasa unafunguka. Kiwango kizuri ni 0.1 au chini.

INP ndiyo ngeni kati ya hizo. Ilichukua nafasi ya kipimo cha zamani cha FID tarehe 12 Machi 2024. FID iliangalia ucheleweshaji wa mguso wa kwanza peke yake. INP inafuatilia miguso muda wote mtu akiwa kwenye ukurasa, kwa hiyo tovuti iliyojaa JavaScript haiwezi tena kujificha nyuma ya mwanzo mzuri.

Jambo la kushika: ili tovuti ihesabiwe imefaulu, angalau asilimia 75 ya ziara zinapaswa kufikia kiwango. Tovuti inayotembelewa zaidi na watu wa simu za kawaida itapimwa kwa simu hizo, siyo kwa kompyuta ya aliyeijenga.

Msaada uliokuwepo zamani umepungua

Kwa miaka mingi kazi ya kupunguza uzito ilibebwa na vivinjari. Opera Mini, iliyoenea duniani kuanzia mwaka 2006, hupitisha ukurasa kwenye seva zake, ikaubana, ndipo ikautuma kwenye simu ukiwa mwepesi. Watu wengi Tanzania waliujua mtandao kwa mara ya kwanza kupitia Opera Mini kwenye kitochi.

Chrome ya Android nayo ilikuwa na hali ya kubana data, Lite mode. Google iliiondoa mwaka 2022 kuanzia Chrome toleo la 100. Moja ya sababu ilizotoa ni kwamba gharama za data zimeshuka katika nchi nyingi na kivinjari chenyewe kimeboreshwa.

Kwa mtu anayenunua bando la siku, hoja hiyo haimalizi tatizo. Kwa developa, maana yake ni kwamba wa katikati ameondoka, na uzito unaoupakia ndio uzito unaomfikia mtumiaji.

Pa kuanzia kupunguza

Picha. Kwenye tovuti nyingi, picha ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya uzito. Picha iliyotoka kwenye kamera ya simu inaweza kuwa na upana wa pikseli 4,000, wakati skrini ya msomaji haihitaji hata robo yake. Ipunguzwe kwanza vipimo, kisha ihifadhiwe kwa muundo wa WebP au AVIF. WebP inakubalika kwenye vivinjari vyote vikubwa tangu Safari ilipoipokea mwaka 2020. AVIF hubana zaidi, na Edge ilikuwa kati ya vivinjari vikubwa vya mwisho kuipokea, mwanzoni mwa 2024.

Picha zilizo chini ya ukurasa ziwekewe sifa ya loading="lazy", ili zishuke pale tu msomaji anapozikaribia. Picha kubwa ya juu isiwekewe sifa hiyo, maana itachelewesha LCP. Kila picha iandikiwe upana na urefu wake, la sivyo maandishi yataruka picha ikitokea.

JavaScript. Kilobaiti 200 za JavaScript ni ghali kuliko kilobaiti 200 za picha, kwa sababu simu inatakiwa kuzichambua na kuzitekeleza. Tovuti ya kutangaza lodge au kuweka matangazo ya halmashauri haihitaji mfumo mzima unaojenga ukurasa ndani ya simu. HTML iliyokwisha kupangwa kwenye seva, CSS kidogo na JavaScript ya pale inapohitajika vinatosha.

Fonti. Familia moja ya fonti yenye unene wa aina nne inaweza kuongeza mamia ya kilobaiti. Fonti zilizomo kwenye simu hazigharimu kitu. Ikilazimu fonti ya chapa, itumike moja, katika muundo wa WOFF2, ikiwa na herufi zinazohitajika tu. Kiswahili hakina herufi zenye alama za juu, kwa hiyo seti ya Kilatini ya msingi inatosha.

Video. Isijicheze yenyewe. Iwekwe picha ndogo na kitufe, na karibu na kitufe uandikwe uzito wa video kwa megabaiti. Mtu ataamua mwenyewe.

Kilobaiti 14 za kwanza. Seva inapoanza kutuma data kupitia TCP, kwa kawaida hutuma pakiti 10 za mwanzo kabla ya kusubiri jibu. Hizo ni kama kilobaiti 14. Kichwa cha habari, aya ya kwanza na CSS ya sehemu ya juu vikibanwa kwa Gzip au Brotli vikaingia humo, msomaji anaanza kusoma mapema hata kama mtandao unachechemea.

Mfano wa nyumbani: siku ya matokeo

Anayetaka kuona ukurasa mwepesi unavyofanya kazi aangalie kurasa za matokeo za Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA. Ukurasa wa matokeo ya shule una jedwali: namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi, daraja na alama za masomo. Hakuna picha kubwa wala dirisha linalojitokeza kuomba kitu.

Kuna wabunifu wanaozicheka kurasa hizo kwamba zimepitwa na wakati. Lakini siku ya matokeo, nchi nzima inaingia kwa wakati mmoja, na mzazi aliyeko Iyula anahitaji mstari mmoja tu. Ukurasa wa maandishi kama huo seva inautoa kwa kazi ndogo, ni rahisi kuunakili na kuuweka kwenye seva nyingine, na simu yoyote inausoma. Kama angewekewa picha za wanafunzi wanaotabasamu juu ya jedwali, huenda angeiona tabasamu na asilione daraja.

Linganisha na tangazo lililochapwa, likapigwa muhuri, likaskaniwa na kupandishwa kama PDF ya megabaiti 8. Maandishi yake yangeweza kukaa kwenye kilobaiti chache za HTML. Tena PDF ya picha haitafutiki Google kirahisi, haikuzwi vizuri kwenye skrini ndogo, na asiyeona hawezi kusomewa na simu yake. Kama hati yenye muhuri inahitajika, iwekwe kama kiungo chini ya maandishi.

Mtandao ukikata katikati

Tovuti nyingi zimejengwa kana kwamba mtandao upo au haupo. Hali halisi ni ya kuja na kuondoka.

Kwanza, fomu. Mtu akijaza sehemu 20 halafu mtandao ukakata, alichoandika kibaki kwenye simu yake. Kivinjari kina sehemu ya kuhifadhi data ndani ya simu, na developa anaweza kuitumia bila kuongeza uzito wa maana. Taarifa nyeti kama namba ya siri zisihifadhiwe humo.

Pili, kurasa zilizokwisha kusomwa. Teknolojia ya service worker inaiwezesha tovuti kutunza nakala kwenye simu na kuionyesha hata mtandao usipokuwepo. Nakala hiyo ionyeshe tarehe. Bei ya kahawa ya wiki iliyopita ikionekana kama ya leo, mkulima anaweza kufanya uamuzi mbaya na hasara ikawa yake.

Tatu, kuhama mnara. HTTP/3, iliyopitishwa kuwa kiwango rasmi Juni 2022, imeundwa ili mawasiliano yaweze kuendelea hata anwani ya mtandao ya simu ikibadilika, bila kuanza upya. Kwa abiria aliye kwenye basi kati ya Mlowo na Vwawa hilo linaweza kumuokoa. Kwenye seva nyingi na huduma za CDN ni suala la kuiwasha tu.

Nne, na hili ndilo zito: malipo. Mtu amebonyeza "Lipa", ombi la namba ya siri limetokea kwenye simu, ameweka, kisha ukurasa ukakata. Hajui kama hela imekwenda. Atabonyeza tena. Kama mfumo hautambui kwamba ni muamala uleule, atakatwa mara mbili. Kila jaribio la malipo lipewe namba yake ya kipekee kabla ya kutumwa, seva ikatae kurudia yenye namba hiyo, na ukurasa ukirudi useme wazi: imelipwa, inasubiri, au haijalipwa.

Na kuna kazi ambazo hazihitaji tovuti kabisa. Menyu ya USSD, ile ya nyota na reli, haitumii bando na inakubali kitochi. Ujumbe wake mmoja una nafasi ya herufi 182 hivi. Kuuliza salio au kuthibitisha usajili kunatosha humo.

Mpakani Tunduma, tovuti zisikisie

Songwe ina changamoto yake nyingine. Tunduma imepakana na Nakonde ya Zambia, na wafanyabiashara wengi wana laini za pande zote mbili. Tovuti inayokisia nchi kwa kutumia anwani ya mtandao inaweza kumuwekea bei kwa kwacha mtu aliyesimama Tanzania. Dawa yake ni kukisia kwa adabu: weka chaguo la awali, kisha acha kitufe cha kubadilisha fedha na nchi kionekane.

Sehemu ya namba ya simu ipokee 07, 06, 255 na +255, na kama biashara ni ya mpakani, ipokee pia +260. Kukataa namba kwa sababu ina nafasi katikati ni uvivu wa mfumo, maana nafasi zinaondolewa na msimbo wa mstari mmoja. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, kwa hiyo kibodi ya namba ifunguke yenyewe. Msimbo wa posta usilazimishwe, kwa sababu ni watu wachache wanaoukumbuka.

Seva iko wapi?

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Huduma ambazo seva zake ziko nje ziliathirika zaidi, kwa sababu kila ombi lilipaswa kuvuka bahari.

Tovuti ambayo watumiaji wake wote wako Tanzania ina sababu ya kufikiria seva ya ndani, au angalau CDN yenye kituo karibu. Vituo vya kubadilishana mawasiliano kama TIX cha Dar es Salaam vipo ili data ya mtoa huduma mmoja wa Tanzania imfikie mwingine bila kuzungukia Ulaya. Lakini tovuti ikiwa ndani huku ikivuta fonti, ramani na vihesabu vya wageni kutoka nje, bado itakwama. Kila kitu cha nje kinachositisha ukurasa kufunguka kihesabiwe.

Sheria na lugha

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake, PDPC, ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Anayekusanya majina, namba za simu au namba za NIDA kwa fomu ya mtandaoni anaguswa na sheria hiyo, ikiwemo kujisajili na Tume na kumweleza mtu taarifa zake zinatumika kufanyia nini. Hapa wepesi na sheria vinakubaliana: fomu inayouliza machache ina kidogo cha kushusha na kidogo cha kulinda.

Lugha nayo si pambo. Ukurasa wa Kiswahili uandikwe lang="sw" kwenye HTML. Bila hivyo, programu ya kusomea wasioona inaweza kutamka Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na kivinjari kinaweza kukosea lugha kikajitolea kutafsiri kisichohitaji. Miongozo ya ufikivu ya WCAG, ambayo toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, inaiweka lugha ya ukurasa kwenye masharti ya ngazi ya kwanza kabisa.

Kabla ya kumkabidhi mteja

- Pima uzito wote wa ukurasa wa mwanzo. Ukizidi MB 1, kila kinachozidi kiwe na sababu inayoelezeka.
- Fungua tovuti kwenye simu ya bei nafuu, ukitumia data ya simu, jioni.
- Zima data katikati ya kujaza fomu, iwashe tena, angalia kilichobaki.
- Zima picha. Je, ujumbe bado unaeleweka?
- Tuma kiungo WhatsApp. Picha ya utambulisho iwe ndogo na kichwa kisomeke, maana wengi watakutana na tovuti hapo kwanza.
- Tumia PageSpeed Insights kuona LCP, INP na CLS. Tovuti ikiwa na wageni wa kutosha, angalia takwimu za watumiaji halisi kabla ya zile za majaribio.
- Rudia vipimo kila baada ya miezi mitatu. Tovuti hunenepa taratibu: bango moja leo, kihesabu kimoja kesho.

Kule Ndolezi, Mbozi hiyohiyo, kuna kimondo maarufu ambacho watu husafiri kwenda kukitazama kwa sababu hakibebeki. Tovuti haina bahati hiyo. Ikishindwa kubebeka, mtu wa Iyula haifuati. Anaifunga, na anampigia simu mtu wa mjini amsomee.